Saini 757 na kofia moja: miaka ya Obama kabla hajawa Obama

Mtu wa kwanza kumpigia kura Barack Obama alipewa karatasi yenye jina moja tu. Ilikuwa tarehe 19 Machi 1996, siku ya kura za mchujo za chama cha Democratic upande wa kusini wa jiji la Chicago. Miezi mitatu nyuma, watu wengine wanne walikuwa wamerudisha fomu kuwania kiti hichohicho, mmoja wao akiwa mama aliyekuwa bado anakikalia. Siku ya kura ilipofika, wote wanne walikuwa wameshaenguliwa au wamejitoa, na kijana wa miaka 34 akapita bila kupingwa.

Kupita bila kupingwa. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa maneno hayo, na pengine ndiyo maana hadithi hii inafaa kusimuliwa kwa Kiswahili. Wengi wetu tunamjua Obama kuanzia pale dunia ilipomjua. Tunakumbuka tarehe 6 Novemba 2008, Rais Mwai Kibaki alipoifanya siku ya mapumziko Kenya nzima, na waandishi wakawa wamejazana Kogelo, nyumbani kwa bibi. Lakini kabla ya Washington alikaa karibu miaka minane katika bunge la jimbo la Illinois, kuanzia tarehe 8 Januari 1997 hadi tarehe 4 Novemba 2004. Ukiichambua miaka hiyo unakuta jambo la kushangaza kidogo: wapiga kura hawakuwa na mengi ya kuamua. Hatua kubwa za safari yake ziliamuliwa na vitu ambavyo havikuwapo kwenye sanduku la kura, yaani orodha ya saini, ramani ya mipaka, na kipande cha karatasi kilichochomolewa ndani ya kofia. Na mara ya kwanza wapiga kura walipopewa nafasi ya kweli ya kuchagua kati yake na mwanasiasa mzito, walimkataa, tena kwa mbili kwa moja.

Seneta wa wapi?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Marekani ina maseneta wa aina mbili, na magazeti yetu huwachanganya kila mwaka wa uchaguzi. Wapo maseneta 100 wa Washington, wawili kwa kila jimbo, ambao ndio tunaowaona kwenye taarifa za habari. Halafu kila jimbo lina bunge lake. Illinois ina Seneti yake yenye viti 59 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 118, na vyote viwili hukutana Springfield, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 320 kusini-magharibi mwa Chicago. Mzanzibari ataelewa haraka: Baraza la Wawakilishi liko Chukwani, Bunge liko Dodoma, na mjumbe wa huku si mbunge wa kule.

Kiswahili nacho kinatutegea mtego wake hapa. Neno "jimbo" tunalitumia kwa Illinois nzima, na Tanzania tunalitumia pia kwa sehemu inayomchagua mbunge mmoja. Ili tusigongane, humu Illinois itakuwa "jimbo", na sehemu inayomchagua seneta mmoja tutaiita "eneo". Obama aliwakilisha Eneo la 13, ambalo moyo wake ulikuwa Hyde Park, mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na mitaa ya watu weusi wa kipato cha chini iliyouzunguka.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutwa. Vikao vikubwa huanza Januari na kuishia mwisho wa Mei, halafu wajumbe hurudi kwa siku chache majira ya vuli kushughulikia miswada ambayo gavana ameikataa. Ndiyo maana Obama aliendelea kufundisha sheria ya katiba chuoni na kufanya kazi katika kampuni ya mawakili. Lakini usiidharau kazi hiyo. Bunge la jimbo ndilo linalotunga sheria nyingi zinazomgusa mtu moja kwa moja: makosa ya jinai na adhabu zake, shule, bima ya afya ya maskini, silaha, na, kwa Illinois ya wakati ule, nani anaweza kuhukumiwa kifo na kwa ushahidi gani.

Kuna kitu kingine cha kiufundi ambacho msomaji akikishika, mengine yote yatanyooka. Maseneta wa Illinois hawana muhula wa urefu mmoja. Kwa kuwa mipaka huchorwa upya kila baada ya miaka kumi, muongo mzima hugawanywa katika mihula mitatu, miwili ya miaka minne na mmoja wa miaka miwili, na kila kundi la maeneo lina mpangilio wake. Eneo la 13 katika miaka ya 1990 lilikuwa la nne, mbili, nne. Kwa hiyo Obama alichaguliwa 1996 kwa miaka miwili, akarudi kwa wapiga kura 1998 na kupata miaka minne, kisha akachaguliwa tena 2002. Hesabu hiyo kavu ndiyo iliyompa nafasi ya kujaribu makubwa bila kupoteza kiti, kama tutakavyoona.

Mama Palmer na saini zake

Mwaka 1995 kiti cha Eneo la 13 kilikuwa cha Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimika sana upande wa kusini. Mbunge wa Washington kutoka eneo jirani, Mel Reynolds, alishtakiwa kwa makosa ya kijinsia, na baadaye akatiwa hatiani na kujiuzulu. Palmer akaona mlango umefunguka na kuamua kuwania kiti hicho. Kiti chake cha Springfield kikaonekana kinabaki wazi, naye akamuunga mkono wakili kijana aliyekuwa amejijengea jina kidogo kwa kuandikisha wapiga kura. Septemba 1995, katika hoteli moja ya Hyde Park, Obama akatangaza nia, Palmer akiwa pembeni yake.

Tarehe 28 Novemba 1995 mambo yakaharibika. Katika kura za mchujo za kiti cha Washington, Jesse Jackson Jr., mwana wa mchungaji maarufu, aliibuka mshindi. Wa pili akawa Emil Jones, kiongozi wa Wademokrati katika Seneti ya Illinois. Palmer akatoka wa tatu. (Likumbuke jina la Jones, litarudi.) Wafuasi wa Palmer wakamtaka arudi kutetea kiti chake cha zamani, na wazee wa siasa wa mtaa wakamwita Obama wakimwomba ampishe mama. Kwa desturi ya siasa za upande ule, kijana angesubiri zamu yake. Obama akakataa. Alikuwa ameshakusanya fedha, ameshafungua ofisi, na kwa maelezo yake alikuwa amepewa neno. Palmer kwa upande wake hakukubali kwamba alijifunga milele. Hadi leo kila upande una simulizi yake, na mimi naona wote wawili walikuwa na haki ya kuudhika.

Hapo ndipo linapoingia suala la wadhamini. Ili jina lako liingie kwenye kura za mchujo za Eneo la 13 ulihitaji saini zisizopungua 757. Anayesaini lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa, awe anaishi ndani ya eneo, na anwani yake ifanane na ile iliyo kwenye daftari. Palmer alirudisha fomu zake tarehe 18 Desemba 1995 zikiwa na saini 1,580. Kwa macho zilikuwa mara mbili ya zilizotakiwa. Lakini zilikusanywa harakaharaka, kwenye baridi ya Desemba, baada ya kushindwa kampeni nyingine, na saini za haraka huwa na kasoro: mtu amehama, mtu kaandika jina kwa herufi kubwa badala ya kusaini, mtu anaishi barabara ya pili nje ya mpaka. Isitoshe, daftari la wapiga kura la Chicago lilikuwa limetoka kusafishwa na majina mengi yalikuwa yamefutwa. Aliyesaini akidhani bado ni mpiga kura, kumbe hayumo tena.

Timu ya Obama iliweka pingamizi. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wake walikwenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya jiji na kupitia saini moja baada ya nyingine, wakilinganisha na kadi za uandikishaji. Hawakuishia kwa Palmer, waliwapitia wagombea wote wanne. Mmoja wao, Gha-is Askia, alikuwa amerudisha saini 1,899. Zilipopingwa 1,211 akabaki na 688, yaani pungufu 69. Mwingine, Marc Ewell, akapungukiwa 86. Palmer alipoona hesabu zake haziponyeki, akajitoa.

Kwa sheria, hakuna kosa. Chicago ina mawakili wanaoishi kwa kazi ya kupinga saini, na mgombea asiyejikinga kwa kukusanya mara tatu ya idadi inayotakiwa anahesabiwa kuwa mzembe. Obama mwenyewe, alipoulizwa na gazeti la Chicago Tribune mwaka 2007, alijibu kwamba walifuata tu taratibu zilizokuwapo. Bado kuna uchungu fulani ndani yake. Mwaka 1992 kijana huyuhuyu aliongoza kampeni ya Project Vote iliyoandikisha zaidi ya wapiga kura wapya 100,000, wengi wao weusi, katika mwaka uleule Illinois ilipompeleka Carol Moseley Braun kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti ya Washington. Alilijua daftari la wapiga kura kama kiganja chake. Miaka minne baadaye ujuzi wa kuwaingiza watu kwenye daftari ukatumika kuwatoa wagombea kwenye karatasi.

Uchaguzi mkuu wa Novemba 1996 ulikuwa wa kukamilisha taratibu. Kugombea kwa tiketi ya Republican kusini mwa Chicago ni sawa na kuuza makoti mazito Tanga mwezi wa Februari. Obama alipata asilimia 82, na mwaka 1998 akapata asilimia 89.

Kukaa upande usio na nguvu

Aliyefika Springfield Januari 1997 alikuta milango imefungwa. Seneti ilikuwa mikononi mwa Warepublican tangu 1993, chini ya rais wake James Philip, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pate, mwanasiasa wa vitongoji vya wazungu magharibi mwa Chicago asiyejishughulisha kuficha dharau yake kwa jiji. Seneta wa upande wa wachache angeweza kuwasilisha muswada, ukapelekwa kamati ya kanuni, ukalala humo hadi ukafa. Wala haikuhitajika kura ya kuuangusha.

Wenzake wawili weusi wa Chicago, Rickey Hendon na Donne Trotter, walimcheka waziwazi: msomi wa Harvard, mtoto wa Hawaii, anakuja kutufundisha mtaa. Akajifunza polepole. Jioni alicheza poka nyumbani kwa seneta mwenzake Terry Link, pamoja na wajumbe wa mashambani na washawishi wa makampuni, kwa dau dogo. Akajifunza gofu pia. Mambo haya yanaonekana ya kipuuzi, lakini katika bunge ambalo huna kura za kutosha, urafiki ndio mtaji uliobaki.

Mwaka 1998 Emil Jones alimkabidhi kazi ambayo wengi hawakuitaka, maadili ya viongozi. Hadi wakati huo mwanasiasa wa Illinois aliweza kuchota fedha za kampeni na kununulia gari la familia bila kuvunja sheria yoyote. Obama alishiriki kutunga sheria iliyopiga marufuku matumizi hayo na zawadi nyingi kutoka kwa washawishi, ikapita katika Seneti kwa kura 52 dhidi ya 4. Sheria haikuwatakasa. Magavana wawili waliofuatana, George Ryan wa Republican na Rod Blagojevich wa Democratic, waliishia jela. Lakini ilikuwa sheria kubwa ya kwanza kuwa na mkono wa Obama ndani yake.

Kutoka kipindi hiki ndipo ilipotokea tuhuma iliyomfuata hadi 2008, kwamba mara 129 alibonyeza kitufe cha "nipo" badala ya "ndiyo" au "hapana". Hillary Clinton aliitumia kumwonyesha kama mtu asiyeweza kuamua. Ukweli unahitaji maelezo kidogo. Illinois muswada haupiti kwa wingi wa waliopiga kura. Unapita kwa wingi wa wajumbe wote, yaani 30 kati ya 59, wawepo au wasiwepo. Kwa hiyo "nipo" ina uzito sawasawa na "hapana", kwa sababu haiongezi hesabu ya kufikia 30. Tofauti iko kwenye matangazo ya kampeni: mpinzani wako hawezi kuandika kwamba ulipinga sheria ya kuwalinda watoto. Wakati mwingine chama kizima kiliamua kupiga "nipo" pamoja ili wajumbe wenye maeneo magumu wajifiche katika kundi. Kura zote za Obama Springfield zilikaribia 4,000, kwa hiyo 129 ni kidogo. Hata hivyo, nyingine kati ya hizo zilikuwa za kukwepa moto, na anayesema zote zilikuwa za kimkakati anamtetea kupita kiasi.

Mwaka 2000

Baada ya miaka mitatu alichoka na Springfield. Muhula wake wa miaka minne ulikuwa unaishia mwanzoni mwa 2003, kwa hiyo angeweza kugombea mwaka 2000 bila kupoteza alichonacho. Akamwendea Bobby Rush, mbunge wa Washington wa Eneo la Kwanza la Illinois, aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha harakati za watu weusi, na ambaye mwaka 1999 alikuwa ameshindwa vibaya kumwondoa Meya Richard Daley. Obama alidhani amelegea.

Oktoba 1999 mtoto wa Rush akapigwa risasi na kufa. Jiji likamlilia pamoja naye. Mwezi Desemba Gavana Ryan akaliita bunge kwa dharura kurudisha sheria ya silaha ambayo mahakama ilikuwa imeifuta. Obama alikuwa Hawaii kwa bibi yake mzaa mama, binti yake Malia mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu akiumwa, naye akaamua kubaki. Muswada ukaanguka. Kwa kuwa ulipigiwa kura baada ya mwisho wa Mei, ulihitaji tatu ya tano ya wajumbe, yaani kura 36, ili uanze kutumika mara moja, na kura yake peke yake isingeuokoa. Nani atasikiliza hesabu hiyo? Mtaa unazika vijana kwa risasi na mgombea yuko ufukweni Honolulu. Ndivyo magazeti yalivyomwandika.

Tarehe 21 Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Trotter, ambaye naye aligombea, akapata karibu asilimia 7. Wapiga kura weusi wa mitaa ya kipato cha chini walimkataa kwa wingi, na nguvu yake ilionekana zaidi kwenye kona za wazungu wa eneo hilo. Mwanasiasa mwingine angesoma matokeo hayo kama hukumu. Obama aliyasoma kama ramani.

Kofia

Katiba ya Illinois ya 1970 ina kifungu ambacho mtu akikusimulia barazani utasema anakutania. Kila baada ya sensa, bunge lichore mipaka mipya. Likishindwa kukubaliana hadi mwisho wa Juni, inaundwa tume ya watu wanane, wanne kwa kila chama. Tume nayo ikishindwa, majina mawili, moja la kila chama, yanawekwa pamoja na Katibu wa Jimbo anachomoa moja bila kuangalia. Aliyechomolewa anakuwa mjumbe wa tisa, na chama chake kinachora ramani kinavyotaka kwa miaka kumi.

Watunga katiba walidhani hakuna mwenye akili timamu atakayekubali kufika huko, na kwamba hofu ya kupoteza kila kitu ingewalazimisha kuelewana. Wanasiasa wakafika huko mara tatu mfululizo. Mwaka 1981 ilitoka ya Democratic. Mwaka 1991 ikatoka ya Republican, na uchaguzi uliofuata ukawapa Seneti: huo ndio ufalme wa Pate Philip aliokuja kuukuta Obama. Tarehe 5 Septemba 2001 Katibu wa Jimbo Jesse White aliingiza mkono katika kofia ndefu ya mtindo wa Abraham Lincoln, kwa kuwa Springfield ni mji wa Lincoln na hawakosi nafasi ya kukumbusha, na akatoa jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago. Mdemokrati.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, Obama alikuwa ameshakaa katika chumba cha kompyuta cha jengo la ofisi za wabunge pale Springfield, pamoja na fundi wa ramani wa chama, akichora eneo analolitaka. La zamani lilitoka Hyde Park kuelekea magharibi, hadi Englewood, mitaa ya watu weusi wenye hali ngumu. Jipya likapanda kaskazini kufuata ufuko wa Ziwa Michigan, likapita katikati ya jiji na kugusa Gold Coast, mtaa wa matajiri. Likawa na wazungu zaidi, Wayahudi zaidi, wasomi zaidi na wenye fedha zaidi. Mwanasiasa ambaye mtaa ulimwona si wake akajikatia eneo la watu waliompenda, watu ambao, si kwa bahati, waliweza kuandika hundi. Uchaguzi unaitwa wa wananchi kuchagua viongozi. Katika chumba kile kiongozi alichagua wananchi, na kwa sheria ya Marekani hilo linaruhusiwa kabisa.

Novemba 2002 alirudishwa bila mpinzani hata mmoja. Habari kubwa ilikuwa nje ya eneo lake: kwa ramani ya Bilandic, Wademokrati walichukua viti 32 kati ya 59, na Blagojevich akawa gavana. Baada ya miaka kumi milango ya Springfield ikafunguka.

Mavuno ya mwaka mmoja

Emil Jones, mkaguzi wa zamani wa mifereji ya majitaka, aliapishwa kuwa rais wa Seneti Januari 2003. Jones mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi Obama alivyomfuata na kumwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Washington. Akamuuliza ni nani huyo anayemfikiria. Obama akajitaja.

Kuanzia hapo miswada mizito ikaanza kupitia mezani kwake. Akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Akasimamia upanuzi wa bima ya afya ya watoto, nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, na sheria inayowataka polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Wenzake walinung'unika, na si bila sababu: baadhi ya miswada hiyo walikuwa wameibeba wao kwa miaka yote ya ukame, na mvua ilipokuja ikaandikwa jina la mwingine.

Mmoja tu unatosha kuonyesha alichokuwa ameongeza mwenyewe. Illinois ilikuwa na aibu ya hukumu ya kifo. Tangu adhabu hiyo irudishwe, watu 12 walikuwa wameuawa kwa hukumu hiyo na 13 wakatolewa jela baada ya kuthibitika kwamba hawakustahili kuwamo, jambo lililomfanya Gavana Ryan asimamishe utekelezaji mwezi Januari 2000. Katika baadhi ya kesi hizo, ungamo lilikuwa limepatikana kwa kipigo kwenye vyumba vya polisi wa Chicago. Muswada wa Obama ulitaka mahojiano yote ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe. Polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga, na hata baadhi ya wapinga hukumu ya kifo waliogopa kwamba kuisafisha kungeirefusha maisha. Aliwakalisha pamoja wiki baada ya wiki, akiwauliza polisi kama hawataki video iwakinge dhidi ya tuhuma za uongo. Muswada ukapita katika Seneti bila kura hata moja ya kupinga, na Illinois ikawa ya kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Ile poka haikuwa bure.

Mwaka 2004 muhula wake ulikuwa bado una miaka miwili, kwa hiyo hakuhatarisha kitu alipoingia mbio za Seneti ya Washington. Tarehe 16 Machi alishinda mchujo wa watu saba kwa asilimia 53, mmoja wao akiwa milionea Blair Hull aliyemwaga karibu dola milioni 29 za mfukoni mwake kabla mambo ya talaka yake hayajammaliza. Mpinzani wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa kwa sababu ya faili la talaka. Akaletwa Alan Keyes kutoka Maryland, na tarehe 2 Novemba Obama akapata asilimia 70. Hapo kwa mara ya kwanza jimbo zima, pamoja na mashamba ya mahindi ya kusini, lilikuwa limemchagua kwa kura zake.

Siku mbili baadaye akajiuzulu Springfield, na Eneo la 13 likarudi kwenye desturi yake. Illinois haina uchaguzi mdogo kwa viti hivi. Viongozi wa chama katika kata za eneo hukaa na kumteua mrithi, kila mmoja akiwa na uzito kulingana na kura zilizopigwa katani kwake. Hivyo ndivyo Alice Palmer alivyoingia mwaka 1991, alipomrithi Richard Newhouse. Hivyo ndivyo alivyoingia Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji wa Haiti, aliyemrithi Obama. Raoul alipochaguliwa kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kiti kikapewa Robert Peters, Januari 2019, kwa njia ileile. Kati ya wanne hao, aliyeingia mara ya kwanza kwa kura ni Obama peke yake, kwa karatasi yenye jina moja.